Fra Luca Pacioli, Mtawa Aliyewafundisha Wafanya Biashara

Wazazi wengi wa huku kwetu, kutoka Piana-Mwanga hata bandari ya Kalemie, wakisikia kwamba mtoto wao amepangwa katika masomo ya biashara, husikitika kidogo. Walitumaini atasoma Kilatini na filosofia, au sayansi, apate kuwa padre, daktari au mhandisi. Kujifunza kuandika hesabu za duka wanaona ni kazi ya karani, tena karani mdogo. Na wako Wakristo wema wanaosadiki moyoni mwao kwamba biashara na utakatifu havikai nyumba moja, kwa sababu wamekwisha kupunjwa sokoni mara nyingi mno, wala siwezi kuwalaumu.

Kwa ajili ya wazazi hao, na zaidi kwa ajili ya watoto wao, nataka kueleza leo habari za mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu aliyeishi zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Jina lake Luca Pacioli. Alikuwa mtawa wa Mtakatifu Fransisko, na kwa hiyo watu walimwita Fra Luca, yaani Ndugu Luka. Mwanafunzi anayechora katika daftari lake ile herufi T kubwa, kushoto akaandika debiti na kulia krediti, anafuata mafundisho yaliyopigwa chapa kwanza na mtawa huyo, hata kama mwalimu wake hakupata kumtaja. Tangu mwaka 2012 nchi yetu ya Kongo imo katika umoja wa sheria za biashara uitwao OHADA, pamoja na nchi nyingine nyingi za Afrika. Maduka madogo kabisa yameruhusiwa njia nyepesi, lakini kampuni zote kubwa, kutoka Dakar hata Kalemie, huandika hesabu zao kwa namna ile ile aliyoieleza Fra Luca katika mwaka 1494.

MTOTO WA MJI MDOGO

Alizaliwa karibu na mwaka 1445 katika mji wa Borgo San Sepolcro, nchi ya Italia, maana yake Mji wa Kaburi Takatifu. Ulikuwa mji mdogo uliozungukwa na mashamba, wala wazazi wake hawakuwa watu wakubwa. Alilelewa kwa sehemu katika nyumba ya jamaa moja ya mjini iliyoitwa Befolci.

Siku zile watoto wa Italia walikuwa na shule za namna mbili. Shule ya kwanza ilifundisha Kilatini, nayo iliwafaa waliotaka kuwa mapadre, wanasheria au waganga. Shule ya pili iliitwa shule ya abaco, yaani shule ya hesabu. Huko mtoto alijifunza kwa lugha yake ya nyumbani namna ya kupima, kugawa, kubadili fedha za mji huu kwa fedha za mji ule, na kutafuta faida ya kila mshiriki wa biashara. Waliosoma Kilatini waliwadharau kidogo waliosoma hesabu. Msomaji ataona kwamba majuto ya wazazi wetu si mapya.

Katika mji huo huo alikaa mchoraji mkubwa, Piero della Francesca, ambaye mapicha yake ya watakatifu yanatazamwa hata leo na watu watokao pande zote za dunia. Piero hakuwa mchoraji tu. Alikuwa bingwa wa jiometri, akaandika vitabu vya hesabu kwa mkono wake. Luca alimheshimu sana tangu ujana wake, na watu wengi wanadhani kwamba alijifunza mengi kwake. Msomaji alishike jina hilo la Piero, maana tutarudi kwake.

Kijana Luca alipopata miaka ishirini hivi, akashuka Venice. Mji huo ulijengwa juu ya maji, na bandari yake ilipokea pilipili, hariri, sufu, sukari na chumvi kutoka kila upande wa bahari. Mfanya biashara mmoja jina lake Antonio Rompiasi alimchukua nyumbani mwake awafundishe wanawe watatu. Basi Luca akawa mwalimu na mwanafunzi kwa wakati mmoja: aliwafundisha vijana wale, naye mwenyewe akahudhuria mafundisho ya mwalimu wa hesabu wa mjini, tena alisafiri pamoja na bidhaa za bwana wake. Mambo aliyokuja kuyaandika baadaye juu ya marobota, nauli, ushuru na madeni hakuyapata chuoni tu. Aliyaona gatini, kama mtoto wa Kalemie aonavyo mizigo ikishushwa kutoka mashua za Kigoma na Moba.

Katika mwaka 1470 aliwaandikia wanafunzi wake watatu kitabu cha hesabu, nacho kimepotea. Kisha akaenda Roma, akakaribishwa na Leon Battista Alberti, bingwa wa ujenzi na mwandishi mashuhuri. Na katika miaka hiyo ya 1470 akavaa kanzu ya Mtakatifu Fransisko.

MTAWA NA FEDHA

Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alikuwa mtoto wa mfanya biashara ya nguo, akaacha vyote, akawakataza ndugu zake wasiguse hata sarafu moja. Imekuwaje basi mtoto wake wa kiroho awe mwalimu wa wafanya biashara?

Lakini wana wa Fransisko, kwa kuwa waliishi pamoja na maskini, walijua vizuri fedha inavyoweza kumwuma mtu asiyekuwa nayo. Waliwaona wajane na mafundi wakikopa kwa riba kubwa, wakaweka rehani vyombo vyao, wasivipate tena. Kwa hiyo katika mwaka 1462, katika mji wa Perugia, Wafransiskani walianzisha hazina ya kuwakopesha maskini, iliyoitwa Monte di Pietà, maana yake Mlima wa Huruma. Mtu aliweka rehani yake, akapata mkopo mdogo, akalipa nyongeza kidogo kwa gharama za kazi tu. Hazina kama hizo zikaenea Italia nzima. Sasa, kazi ya namna hiyo haiwezi kusimama hata mwezi mmoja bila hesabu safi. Mama zetu wanaochangiana fedha katika likelemba wanalifahamu jambo hili kuliko mimi: siku daftari linapochafuka, ndiyo siku urafiki unapovunjika.

Fra Luca alifika Perugia katika mwaka 1477 kufundisha hesabu katika Chuo Kikuu cha mji huo. Kitabu alichowaandikia wanafunzi wake wa Perugia kipo mpaka leo katika maktaba ya Papa, Vatikano.

Maisha ya mwalimu wa vyuo vikuu siku zile yalikuwa maisha ya msafiri. Alifundisha Perugia, akavuka bahari kwenda Zara, akarudi Perugia. Akafundisha Napoli na Roma. Baadaye Milan, Florence, Bologna, na Venice tena. Mikataba ilikuwa mifupi, naye hakuwa na kiti cha kudumu. Wala hakukosa mateso ndani ya shirika lake mwenyewe. Katika mwaka 1491 mkuu wa Wafransiskani alimkataza kuwafundisha vijana wa Sansepolcro, akimwonya kwamba akivunja amri atatengwa. Fra Luca alitii. Miaka miwili baadaye alikuwa katika mji ule ule, akitoa mahubiri ya Kwaresima.

KITABU CHA MWAKA 1494

Katika mwezi wa Novemba 1494 kitabu chake kikubwa kilitoka katika mtambo wa Paganino de' Paganini, mjini Venice. Kifupi huitwa Summa, yaani Jumla. Kina kurasa zaidi ya mia sita, nacho kinakusanya karibu hesabu zote zilizojulikana Ulaya wakati huo: kujumlisha na kugawa, aljebra, jiometri, vipimo, kubadilisha fedha. Tena hakukiandika kwa Kilatini. Alikiandika kwa Kiitaliano, ili muuza sufu na mke wake waweze kukisoma. Mimi nadhani jambo hilo peke yake lingetosha kumpa heshima, na sisi tunaofundisha hesabu katika lugha ambayo mtoto hasemi na mama yake tunaweza kulitafakari.

Ndani ya Summa mna sehemu moja fupi yenye sura thelathini na sita, inayohusu hesabu na maandiko ya wafanya biashara. Sehemu hiyo ndiyo iliyozunguka dunia. Fra Luca hakujidai kuwa ameivumbua njia ile. Alisema waziwazi kwamba anafuata desturi ya Venice. Wafanya biashara wa Italia walikuwa wakiitumia muda mrefu kabla hajazaliwa, na mtu mmoja wa Ragusa, Benedetto Cotrugli, alikuwa amekwisha kuigusa katika kitabu cha mwaka 1458, lakini kitabu chake hakikupigwa chapa mpaka 1573. Kazi ya Fra Luca ilikuwa kazi ya mwalimu: aliyachukua maarifa yaliyofichwa katika nyumba za matajiri, akayapanga, akayaeleza, akayaweka mikononi mwa yeyote awezaye kusoma.

Alisema kwamba mfanya biashara anahitaji mambo matatu: mali ya kuanzia, au walau watu wa kumwamini, ujuzi wa hesabu, na utaratibu. Kisha anamwamuru aanze kwa kuandika orodha ya mali yake yote kwa siku moja: fedha, vito, nguo, nyumba, mashamba, bidhaa, anayowadai watu na anayodaiwa. Asifiche kitu. Baada ya hapo awe na vitabu vitatu. Cha kwanza ni kitabu cha kumbukumbu, ambamo kila jambo huandikwa saa ile ile linapotokea, na mtu yeyote wa nyumbani ajuaye kuandika, mume au mke au mtumishi, aandike humo. Cha pili ni jurnali, ambamo mambo yale hupangwa kwa ufasaha. Cha tatu ni daftari kuu, ambamo kila mtu na kila kitu kina ukurasa wake.

Na hapa ndipo penye kiini. Kila jambo huandikwa mara mbili, kwa sababu hakuna kitu kinachopokelewa bila kutolewa na mwingine. Nitatoa mfano wa kwetu. Mama mmoja ananunua ndagala wakavu wa faranga 200,000. Analipa 120,000 papo hapo, na 80,000 anabaki kudaiwa na mvuvi. Asiyejua hesabu ataandika: nimetoa 120,000. Baada ya wiki tatu atafurahi kuona fedha nyingi katika kibweta chake, atanunua kitenge kipya, na siku mvuvi anapobisha hodi hana kitu. Mwanafunzi wa Fra Luca huandika vingine. Ukurasa wa ndagala umepokea 200,000, basi huandikwa kushoto. Ukurasa wa sanduku la fedha umetoa 120,000, na ukurasa wa mvuvi umetoa 80,000, basi hizo huandikwa kulia. Mia na ishirini na themanini ni mia mbili. Pande mbili zikilingana, moyo unatulia. Zisipolingana, pana kosa au pana mwizi, na lazima litafutwe.

Fra Luca aliwaonya wafanya biashara wasilale usingizi wa uvivu, akawataka wamwige jogoo, akeshaye masika na kiangazi. Na alisema, bila kuogopa hasira ya wakubwa wa mahakama, kwamba kumtengeneza mfanya biashara mwema ni kazi ngumu kuliko kumtengeneza daktari wa sheria. Maana huyu wa kwanza anapambana na bahari, vita, njaa, tauni na bei ya sokoni.

Katika kitabu hicho pia mna kanuni ndogo ambayo kila mzazi anayekopa angefaa kuijua. Ukitaka kujua deni litazidi mara mbili baada ya muda gani, gawa 72 kwa riba. Riba ikiwa sita kwa mia kila mwaka, na nyongeza ikiachwa ijumlishwe na deni, deni litakuwa mara mbili baada ya miaka kumi na miwili hivi. Lakini mkopeshaji wa mtaani akikutaka kumi na mbili kwa mia kila mwezi, gawa 72 kwa 12: deni lako limekuwa mara mbili baada ya miezi sita. Kanuni hii imechapwa kwanza katika Summa ya Fra Luca. Andikeni, vijana, muwasomee baba zenu kabla hawajatia sahihi.

JINA LA MUNGU JUU YA UKURASA

Fra Luca alitaka kila kitabu kianze kwa jina la Mungu, na vitabu vya kwanza vitiwe alama ya Msalaba Mtakatifu, kabla ya kufuata herufi A, B na nyinginezo. Aliwakumbusha wafanya biashara waende kanisani na kutoa sadaka, wala wasihofu kwamba watapata hasara kwa sababu hiyo.

Labda msomaji atasema: hizo ni desturi za zamani, hata wanyang'anyi wa siku zile waliandika jina la Mungu. Ni kweli, na Fra Luca alilijua hilo. Alieleza kwa uchungu kwamba wako wafanya biashara wenye vitabu viwili, kimoja cha kumwonyesha muuzaji na kimoja cha kumwonyesha mnunuzi, nao huapa juu ya vyote viwili. Kwa hiyo alitaka vitabu vipelekwe kwanza kwa wakuu wa mji, vitiwe mhuri, na jina la mwandishi wake liandikwe huko, ili lolote litakaloandikwa liweze kusimama mbele ya mwamuzi. Alama ya Msalaba kwake haikuwa hirizi. Ilikuwa kiapo kinachoonekana. Amri ya saba inakataza kuiba, nayo inavunjwa kwa kalamu mara nyingi kuliko kwa panga.

MICHEZO NA MARAFIKI

Mtu angeweza kudhani kwamba mwalimu wa namna hii alikuwa mkavu kama kuni. Kumbe sivyo. Fra Luca alipenda michezo na mafumbo kwa moyo wote.

Aliandika kitabu kizima, kiitwacho De viribus quantitatis, juu ya nguvu za hesabu katika kuchekesha na kushangaza watu. Humo mna mafumbo ya namba, michezo ya karata, viinimacho vya sarafu, namna ya kujua namba aliyoificha mwenzako moyoni, hata namna ya kutia mikono katika risasi iliyoyeyuka bila kuungua. (Hili la mwisho watoto wasilijaribu.) Aliwaonyesha watu kwamba mengi wanayoyaita uchawi ni hesabu tu na wepesi wa mikono. Kitabu hicho kimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Bologna, na kwa miaka karibu mia tano hakikupigwa chapa.

Alipenda sataranji pia. Karibu na mwaka 1500 alitunga kitabu cha mafumbo ya mchezo huo kwa heshima ya Isabella d'Este, mke wa mtawala wa Mantua. Watu walijua kwamba kiliandikwa, lakini hakuna aliyejua kilipo, mpaka mwaka 2006 kilipotambuliwa katika maktaba moja ya mji wa Gorizia. Kina mafumbo zaidi ya mia.

Katika Summa aliuliza fumbo moja ambalo wanafunzi wanaweza kulijaribu. Watu wawili wanacheza mpira kwa kuwekeana fedha. Kila mchezo unahesabiwa kumi, na atakayefika 60 kwanza atachukua zote. Mmoja ana 50, mwenzake ana 20, na mara mchezo unavunjika. Fedha zigawanyweje? Fra Luca alijibu: kwa kadiri ya walivyokwisha kushinda, tano kwa mbili. Jibu linapendeza, lakini si sahihi. Tazama: wa pili hawezi kushinda mpaka ashinde michezo minne mfululizo, na kama nguvu zao ni sawa, jambo hilo litatokea mara moja tu katika kumi na sita. Basi haki ni kumi na tano kwa moja. Iliwabidi watu wangoje mpaka 1654, Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, walipoandikiana barua na kulimaliza neno hilo. Na kutoka barua hizo ikazaliwa elimu ya bahati, ambayo bima zote za dunia zinaitegemea.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Leonardo da Vinci. Mwaka 1496 mtawala wa Milan, Ludovico Sforza, alimwita Fra Luca afundishe hesabu mjini mwake, na huko akamkuta Leonardo akichora Karamu ya Mwisho ukutani kwa Watawa wa Mtakatifu Dominiko. Leonardo alikuwa amekwisha kuinunua Summa, na katika daftari lake alijiandikia ajifunze kwa maestro Luca namna ya kuzidisha vipeuo. Mchoraji aliyesifiwa kuliko wote akakaa kama mwanafunzi mbele ya mtawa. Na mtawa alipoandika kitabu chake juu ya uwiano wa kimungu, De divina proportione, mchoraji akamchorea maumbo yote ya jiometri yaliyomo. Katika mwaka 1499 jeshi la Wafaransa liliuteka mji wa Milan. Wote wawili wakakimbia, wakapita Mantua na Venice, wakafika Florence.

Sura yake tunaijua. Katika jumba la makumbusho la Napoli imo picha ya mwaka 1495 inayomwonyesha amesimama katika kanzu ya shirika lake, kidole kimoja juu ya kitabu kilichofunguliwa, mkono mwingine ukichora ubaoni. Kando yake linaning'inia umbo la kioo lenye pande nyingi, lililojazwa maji nusu. Uso wake ni mzito, hamwangalii mtu.

Siku ya 11 Agosti 1508 alifundisha katika kanisa la San Bartolomeo, Venice, jirani kabisa na soko la Rialto. Watu wapata mia tano walikuja kumsikiliza, mapadre na walei, wajenzi, hata wachapaji wa vitabu. Mada yake ilikuwa uwiano katika kitabu cha tano cha Euclid. Napenda kuwaza makarani wa sokoni wakivuka daraja na kuingia kanisani ili wasikie hesabu.

DENI LA PIERO

Nisingekuwa mkweli kama ningenyamaza juu ya jambo moja. Mwaka 1509 De divina proportione ilipigwa chapa Venice. Sehemu yake ya tatu inahusu yale maumbo matano yenye pande sawasawa. Mwaka 1550 mwandishi wa maisha ya wachoraji, Giorgio Vasari, alimshtaki Fra Luca, aliyekuwa amekwisha kufa, kwamba alikuwa mwizi: kwamba alichukua maandiko ya Piero della Francesca, mzee wa mji wake, aliyepofuka na kufa mwaka 1492, akayatoa kama yake.

Watu wengi walimtetea mtawa wetu. Lakini kitabu cha Piero cha Kilatini kilikuwa kimehifadhiwa, nacho kimo katika maktaba ya Vatikano. Wataalamu walipovilinganisha vitabu hivyo viwili, waliona kwamba sehemu ile ya tatu ni kitabu cha Piero, kimegeuzwa Kiitaliano.

Wako wanaosema kwamba siku zile kunakili kitabu cha mwingine hakukuwa aibu kama leo. Tena katika Summa, mwaka 1494, Fra Luca alimsifu Piero kuwa mfalme wa wachoraji wa wakati wake. Mtu anayetaka kumwibia mwenzake kwa kawaida hamsifu hivyo mbele za watu. Hayo yote nayakubali. Hata hivyo naona deni lipo. Mwalimu aliyewafundisha watu wote kwamba kila kilichopokelewa kina aliyekitoa, na kwamba jina la mtoaji liandikwe upande wa kulia, alipokea kitabu kizima kwa mzee wake, na upande wa kulia akauacha mtupu.

Yeye mwenyewe alikuwa ameonyesha njia. Katika Summa imo sura inayoeleza afanyeje mtu aliyeandika neno mahali pasipo pake. Asikwangue wala asichane ukurasa. Autie alama mstari ule, kisha aandike mstari mwingine wa kuupinga, kwa kiasi kile kile, mahali panapostahili. Baada ya mwaka 1509 alikuwa na nafasi ya miaka minane. Katika mwaka 1510 alikuwa mkuu wa nyumba ya watawa ya Sansepolcro. Mwaka 1514 Papa Leo X alimwita Roma afundishe katika Chuo Kikuu cha huko, naye alikuwa mzee wa miaka karibu sabini. Kisha akarudi kwao, na huko alikufa siku ya 19 Juni 1517. Katika miaka hiyo yote De divina proportione haikupigwa chapa mara ya pili, na ile sehemu ya tatu ikabaki vile vile, haina jina la Piero.